Fundi wa Redio za Chunguni

Mimi majina hayanipotei. Niulize nani alikuwa akiuza dagaa kwenye mlango wa soko la Busia mwaka ule Taaka wangu anaota meno, nitakwambia: Nabwire, na mwenzake Anyango, na Hajati Zaituni aliyewakodisha meza. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo yale ambayo wengine wanayaweka kwenye daftari mimi niliyaweka kichwani, na hayajavuja.

Lakini mtu ninayetaka kumweleza hapa, jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Mwanawe Owori alimwoa binti yangu Taaka, na kwetu Masafu jina la mkwe halipiti mdomoni. Zamani nililiita sokoni kwa sauti, kama unavyomwita mtu aliyesahau chenji yake. Siku ng'ombe wa mahari walipoingia uwanjani kwetu, jina likafungwa. Tangu hapo ni Fundi. Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, waulizeni watu wa Kwapa; watawaeleza mpaka mchoke. Mimi nitasema niliyoyaona.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kucha safi kuliko za daktari. Kibanda chake cha kutengeneza redio kilikuwa upande wa Uganda, karibu na mpaka kiasi kwamba ukipiga chafya, Kenya wanakuombea. Humo ndani kila kitu kilikuwa kimerundikana, nyaya, spika, betri zilizotapika unga, lakini kabla ya kufungua redio alinawa kwa maji na sabuni, taratibu, kama anayekwenda kupokea mtoto mchanga. Redio aliziogopea joto, yeye mwenyewe akinywa chai ya moto mpaka unajiuliza ulimi wake umetengenezwa na nini. Na nyumbani kwake Kwapa hapakuwa na redio hata moja inayosema. Mkewe, Mama Owori, habari za dunia alizipata kwa jirani, na akirudi humweleza mumewe.

Uongo hakuujua, isipokuwa neno moja: kesho. Redio yako itakuwa tayari kesho. Mama Makokha aliingojea kesho hiyo tangu kupanda wimbi mpaka kuvuna. Ukimkuta Fundi njiani, hata kabla hujamsalimia, yeye anawahi: "Njoo kesho, Mama. Itakuwa tayari."

Alikuwa na msemo wake mmoja aliousema kwa redio na kwa watu. Alisema kitu hakikushindwa, kimewekwa pasipo pake. Okumu, mtoto wa Barasa, alishindwa ualimu. Watoto walikuwa wanamwimbia darasani. Baba yake alitaka kumfukuza nyumbani. Fundi akamsikiliza Okumu akilalamika kibandani pale, akamwambia Barasa kwamba huyu si mwalimu, sauti hii ni ya mnadani. Leo Okumu ndiye anayenadi mitumba masoko yote ya upande huu, na nyumba yake ni ya matofali. Barasa anakula kuku wa Okumu na bado anasema lilikuwa wazo lake.

Sasa nieleze habari ya gerimani, maana bila hiyo Fundi humjui.

Ndani ya redio kuna vidude vyenye miguu mitatu vinaitwa transista. Ndivyo vinavyochukua sauti nyembamba kutoka hewani na kuinenepesha. Vya zamani vilitengenezwa kwa gerimani, madini ya kijivu yanayong'aa. Fundi alinifafanulia kwa mfano ambao mtu wa mpakani hawezi kuusahau. Chuma, alisema, ni lango lisilo na askari, umeme wote unapita. Mbao ni ukuta, haupiti hata kidogo. Gerimani ni mpaka wetu huu: ukiiambia fungua, inafungua, ukiiambia funga, inafunga. Ubaya wake ni joto. Ikipata joto inamruhusu kila mtu kupita, askari hata apige filimbi haisikii.

Ndiyo sababu redio za siku zile zilikuwa zikilewa saa sita mchana. Chini ya bati la Busia, mtangazaji anaanza kuvuta maneno kama mtu aliyetoka kilabuni, halafu anakoroma, halafu kimya. Jioni redio inapona yenyewe. Wengine walisema ni majini. Nabwire yake aliipeleka kuombewa. Fundi aliweka kiganja tu juu yake akasema, "Hii haina ugonjwa. Inasikia joto."

Hapo ndipo alipokuja kwangu, maana mimi ni mfinyanzi, na mama yangu Auma alikuwa mfinyanzi. Alitaka vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine na nafasi ya vidole vitatu ibaki kati. Nilidhani ni mambo ya pombe. Kumbe ile nafasi aliijaza mchanga, mchanga akaumwagia maji, redio akaiweka chungu cha ndani juu ya kitambaa. Chungu kikitoa jasho, ndani panapoa. Redio ikasema mchana kutwa bila kulewa, na kwa sababu mdomo wa chungu unakuza sauti, ikasema kama mhubiri. Watu wakawa wanakuja na vigoda vyao saa saba, saa ya matangazo ya vifo, wanakaa wakikizunguka chungu kile kimya kabisa.

Na sasa lazima niseme kosa langu. Miaka mingi sikulisema.

Owori alikuwa ameanza kupita njia ya kwetu bila sababu, na mimi nilikuwa nimeelewa sababu. Chungu cha Fundi kilipopata ufa, nikamfinyangia kingine, na kwa kutaka nionekane mama wa binti wa maana, nikakipaka nje rangi ya mafuta, nyekundu na nyeupe, iliyobaki Hajati Zaituni alipopaka milango yake. Kilipendeza. Mfinyanzi yeyote anajua chungu cha maji hakipakwi rangi ya mafuta, kinaziba, hakitoi jasho. Mimi nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilitaka uzuri.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Watu wamekaa, tangazo likaanza: kifo cha Bwana Wanyama wa Masaba, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa... na redio ikalewa, ikakoroma, ikanyamaza. Wazee wa kanisa wenye jina la Wanyama huko Masaba walikuwa wawili. Sisi tulimjua mmoja tu. Tukaondoka na kuni, na kuku, na unga, tukafika kwenye ua wake tukaanza kulia kama desturi inavyotaka. Wanyama akatoka nyumbani na tonge mkononi. Akauliza nani amekufa. Nabwire, bila kufikiri, akamjibu, "Wewe."

Fundi aliporudi kibandani alikwaruza chungu kwa kucha, akaona rangi imeingia. Akaniita pembeni, akaniambia polepole, "Mama, umemvika koti mtu anayetaka kutoa jasho." Basi. Hakumwambia mwingine. Busia nzima ilisema redio ya Fundi imeua mtu mzima, na Wanyama kila alipomkuta alimsalimia, "Habari yako, wewe uliyenizika?" Naye aliitikia salama. Alibeba aibu yangu kama mzigo wake, na binti yangu akaolewa kwao bila doa.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ubishi. Aligundua kwamba transista moja ya gerimani, ya kioo kilichopakwa rangi nyeusi, ukiikwaruza rangi ile inahisi mwanga. Akaifunga kwenye banda la kuku Kwapa, ili mwizi akimulika tochi, spika ipige kelele. Mwizi hakuja. Lilikuja jua. Kila alfajiri mwanga ukigusa banda, spika inalia mpaka mbwa wa Kwapa nzima wanajibu. Wazee wakamwomba aitoe, naye akakataa miezi yote ya palizi. Mwaka huo Kwapa ilimaliza kupalilia kabla ya kila mtu, na Fundi akataka ashukuriwe.

Halafu zikaja redio mpya, za silikoni. Silikoni haiogopi jua. Watu wakazitupa zile za zamani, na kazi ya vyungu vya redio ikafa. Nilidhani naye atabadilika kama wenzake. Alitengeneza za silikoni, ndiyo, maana watoto wanakula, lakini kila redio ya zamani iliyotupwa aliifungua, akang'oa transista za gerimani, akaziweka kwenye kopo la biskuti. Kopo likajaa, akaanza la pili. Wafula, fundi wa simu mwenye meza ya kioo ng'ambo ya njia, alikuwa akimtania mbele ya wateja, "Mzee, hiyo mifupa utaizika lini?" Fundi anamjibu bila kuinua kichwa kwamba haijafa, inangoja baridi. Wafula anauliza baridi gani Busia hii. Fundi anasema dunia ni kubwa kuliko Busia.

Tulimcheka. Mimi pia nilicheka.

Taaka na Owori walimzaa Athieno, mjukuu wangu na wake. Akili yake ilikuwa ya kutisha kidogo. Alisoma Tororo, akasoma Kampala, akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea vitu vya kutengenezea kompyuta za kwanta. Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu mwenye akili asiyejua kitabu. Akasema kompyuta hizi za kawaida zinahesabu kwa malango, ama limefungwa ama limefunguliwa. Hiyo ya kwanta inatumia chembe ndogo ambayo, usipoisumbua, iko hali zote mbili pamoja, na ukiwa na chembe nyingi hivyo unaweza kufumbua mafumbo ambayo mashine za leo zingezeeka kabla ya kumaliza. Nikamwambia naelewa, ni kama vyungu tanuruni, hujui kipi kimepasuka mpaka ufunue. Akasema, hapana, Kukhu, bibi yangu, si kwamba mimi sijui. Chembe yenyewe bado haijaamua. Hilo nililielewa. Nimeshawaona watu wa namna hiyo.

Shida ni kwamba chembe hiyo inahitaji kitanda cha kulalia, na kitanda kikiwa na uchafu mdogo tu, inaamka na kusahau hesabu. Huko alikokwenda kulikuwa na makundi mawili. Moja lilitandika kitanda cha silikoni, jingine cha gerimani. Achague moja, na alipewa miaka mitatu. Asipopata kitu kinachosimama, anarudi bila shahada.

Kila mtu alisema silikoni. Mwalimu wake alisema silikoni. Wafula, ambaye hakuulizwa, alisema silikoni, maana iko kwenye kila simu duniani. Athieno akampigia babu yake. Fundi alimuuliza swali moja tu, kompyuta hiyo inakaa wapi. Akaambiwa inakaa ndani ya friji, baridi kuliko mahali popote binadamu amewahi kukanyaga. Nilikuwapo pale, Taaka amemshikia simu, nikamsikia mzee akipumua.

"Basi chukua gerimani, mama," akamwambia mtoto. "Huyo shida yake ilikuwa joto peke yake."

Baadaye Athieno aliniambia alikuwa na sababu nyingine za kitabu, kwamba ndani ya gerimani chembe zinasikia amri haraka. Lakini neno la babu, alisema, ndilo lililomtoa woga.

Miaka miwili ikapita na hakuna kilichosimama. Mtoto akapiga simu na sauti imekonda. Kitanda kimoja kinafanya kazi vizuri sana, alisema, lakini wakitengeneza kumi havilingani, kila kimoja kinataka kubembelezwa kwa namna yake. Na kompyuta ya kweli haitaki kumi, inataka maelfu kwa maelfu. Wenzake wa silikoni walikuwa wanasonga mbele. Umebaki mwaka.

Nilipanda bodaboda mpaka Kwapa nikiwa nimekasirika njia nzima. Mkwe haingii nyumba ya mkwe hivi hivi, kwa hiyo nilisimama kwenye ua nikasema kutoka pale. Nilimwambia amempeleka mjukuu wetu akazike ujana wake ndani ya kopo la biskuti. Nilimwambia nina simu hapa, nampigia sasa hivi ahame, aende kwa wenye silikoni wakati mlango bado uko wazi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, macho yameanza kuwa na ukungu.

"Mama Taaka," akasema, "ile rangi ya chungu nilimwambia nani?"

"Hukumwambia mtu."

"Basi na hili nibebeshe mimi. Ikishindwa, sema ni mimi nilimpoteza, waambie wote, hata Wafula. Lakini usimpigie mtoto umwambie aache."

Nilisimama na simu ile mpaka mkono ukachoka. Kisha nikaiweka kwenye mfuko, nikamuaga, nikarudi Masafu. Sikupiga.

Alipopiga Athieno mwenyewe, nilimuuliza tu kazi. Akarudia kwamba kimoja sawa, kumi shida. Hapo nikacheka, nikamwambia chungu kimoja kizuri hata mlevi atakifinyanga. Kazi ni vyungu hamsini kwenye moto mmoja, vyote vitoke ndugu. Akauliza mimi visipolingana nafanyaje. Nikamwambia siugombezi moto. Narudi kwenye udongo. Naupepeta upya, natoa kila punje ya chokaa, maana punje moja inapasua chungu ambacho hakina kosa. Akasema, Kukhu, asubuhi hii tumekaa mkutanoni saa tatu nzima kufikia hapo hapo.

Wakarudi kwenye udongo wao. Wakatafuta gerimani iliyochujwa mpaka zile punje zenye fujo zikatolewa, ikabaki ya utulivu. Wakaitandika kwa utando mwembamba, na safari hii hawakuuacha karibu na uso wa juu, pale uchafu unapokaa. Waliufukia chini zaidi.

Simu ilikuja mchana, nikiwa na udongo mpaka viwikoni. Taaka akaniwekea sikioni.

"Kukhu, zote zimeitikia."

Safu kwa safu za chembe, alisema, kama miche iliyopandwa kwa kamba, ukiiambia moja neno na jirani yake ukiiambia neno lile lile, zinafanya sawa. Profesa wao alisimama akatembea mpaka dirishani akarudi. Hata wale wa silikoni walikuja na viti vyao kuangalia. Sasa maabara za nchi nyingine zinaandika kuomba utando wa gerimani wa Athieno binti Owori, na shahada alipewa kabla mwaka haujaisha. Nilipiga vigelegele na udongo ule ule mikononi. Jirani zangu walikuja wakidhani tumemwoza binti.

Athieno alirudi nyumbani wakati wa kuvuna wimbi, nasi sote tukaenda Kwapa. Wafula alikuja, amevaa shati la Jumapili. Wanyama naye aliletwa, anatembelea fimbo mbili, yule niliyemzika. Fundi alikuwa kwenye kiti chake kifupi. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa, lakini kucha zilikuwa safi.

Athieno alipiga magoti akamwambia amemletea kipande. Ni cha ile gerimani iliyovunjika, Kwara, babu yangu, nzima ziko kazini. Mzee akaukunja mkono uliokuwa umenyooshwa, akaomba maji na sabuni. Tukangoja. Alinawa taratibu, kidole kwa kidole, akajikausha, ndipo akafungua kiganja. Kilikuwa kidogo kama ukucha. Alikipapasa, kisha kwa mazoea akakiweka sikioni, na uwanja wote ukacheka, naye akacheka.

"Na baridi inapata?" akauliza.

"Inapata, Kwara. Baridi kuliko kule baina ya nyota."

Mtoto alikuwa na picha ya friji ile kwenye simu, lakini picha haimsaidii asiyeona. Akaniomba mimi nimweleze. Nikaiangalia, na nilipoiona nikaketi chini. Ilikuwa ndoo ya kung'aa ndani ya ndoo, ndani ya nyingine, na katikati kabisa, mahali palipopoa kuliko pote, ndipo gerimani ilipolala.

Nikamwambia, "Fundi, ni chungu ndani ya chungu."

Aligeuza uso upande wangu. "Wameipaka rangi?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka nikaona siwezi kuyabeba tena yale mengine. Nikasimama mbele ya wakwe, na Wanyama, na Wafula, nikasema chungu kile cha rangi kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyeizima redio. Mtu huyu amelibeba hilo tangu binti yangu hajaolewa. Wanyama alinitazama sana, akasema kama ni hivyo ananidai kuku wake wa msiba, maana nilirudi naye nyumbani. Hapo Wafula akamwendea mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Mzee, imepata baridi yake."

Na mimi, mwanamke wa Masafu, nikafanya lisilofanywa. Nilimwita jina lake. Nililiita kwa sauti ya sokoni, kama zamani, kabla ya ng'ombe, kabla ya wajukuu. Mama Owori alishika mdomo. Hapa siliandiki, niliivunja desturi yetu siku hiyo mara moja, inatosha.

Yeye aliinua kichwa kama aliyekuwa akingoja, macho yake yasiyoona yakitafuta sauti ilikotoka, na akaniitikia kwa sauti ya kibandani.

"Njoo kesho, Mama. Itakuwa tayari."

Nikamwambia hapana. Hii imekuwa tayari leo.